Mkonge wa Tanga na Wale Waliopanga Bei

Jani la mkonge ni zito, na karibu uzito wote huo ni maji na nyama isiyouzika. Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama, singa safi zinazotoka upande wa pili hazifiki kilo tano. Mara nyingi ni tatu au nne. Tena jani likishakatwa halingoji. Siku mbili zikipita linaanza kukauka, na singa zake zinakataa kuachana na nyama. Kwa hiyo lazima mashine iwe karibu na shamba, maji yawe mengi, na iwepo reli ndogo ya kusukumia matoroli. Mtu mwenye ekari mbili na panga hawezi kuyapata hayo peke yake. Kahawa ilimwacha Mchagga akae kihambani kwake, akaunda chama chake cha ushirika na kuuza mwenyewe. Mkonge haukumwachia mtu nafasi hiyo. Ulimtaka kwanza mwenye mtaji, kisha ukataka umati wa watu wasio na kitu.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi mazungumzo ya matajiri na maskini wa dunia huanzia juu, kwenye mabilionea na mikutano ya Ulaya. Mimi ni mtoto wa mkataji, nilizaliwa kambini wilayani Korogwe, na nilifundisha historia shule za sekondari mpaka nikastaafu. Kwa mtu kama mimi habari hii inaanzia chini, kwenye jani, na ukilifuata hilo jani utafika London, Geneva na New York bila kulazimisha.

Mmea wenyewe ni mgeni. Kwao ni Mexico, na Wamexico waliulinda wasije wakapata washindani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, mingi ikafa njiani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Watu wa Tanga wana hadithi kwamba miche hiyo ilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi nzuri, lakini hesabu ya miche 62 inanitosha. Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Pangani. Hapo Pangani, Desemba 1889, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Abushiri bin Salim aliyeongoza vita dhidi yao. Ardhi ya mkonge wa kwanza ilikuwa imetoka kwenye vita miaka minne tu kabla, na wenyewe hawakuulizwa. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Mwaka 1911 ikafika Moshi, na mashamba yakaifuata kila ilipopita: Muheza, Korogwe, Mombo. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha tani zipatazo 20,000 kwa mwaka, zote za miche ile 62.

Zilikuwa zikienda kufanya nini? Kufunga ngano. Mashine za kuvunia zilizoenea kwenye nyanda za Marekani na Kanada tangu mwishoni mwa karne ya 19 zilifunga miganda zenyewe, na zilitaka kamba ngumu isiyomdhuru ng'ombe tumboni akiila pamoja na majani. Mkate wa Chicago ulihitaji kamba, na kamba ilihitaji watu wa kukata majani yenye miiba. Kule Yucatán, Mexico, watu hao walikuwa Wamaya waliofungwa kwa madeni yasiyolipika, pamoja na Wayaqui waliohamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini ya nchi. Mwaka 1902 kampuni ya mashine za kilimo, International Harvester, ilipatana kwa siri na tajiri mkubwa wa huko, Olegario Molina, ili kuishusha bei ya singa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba baba yangu alikuwa na ndugu asiowajua upande wa pili wa bahari.

Baba alitoka Kasulu. Alisajiliwa na SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944 kutafuta vibarua mbali: Kigoma, Songea, Mbeya, hata Ruanda-Urundi, huku Wamakonde wakivuka wenyewe kutoka Msumbiji. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipanda treni ya Reli ya Kati, akamalizia kwa lori. Kata, yaani kazi ya siku moja, ilikuwa matita sabini na zaidi, kila tita majani 30, na utomvu wake unawasha ngozi mpaka usiku. Kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kata haikutimia nyapara hakuitia alama, na siku isiyo na alama haikuhesabiwa kuwa umeishi. Hayo maneno ya mwisho ni ya baba.

Kulikuwa na hesabu ndani ya mshahara ule ambayo baba hakuonyeshwa, na ambayo mimi niliifahamu nikiwa mwalimu tayari. Mshahara wa manamba ulipangwa kwa ajili ya tumbo moja. Serikali na wenye mashamba walichukulia kwamba mke na watoto wamebaki kwao wanajilisha, na kwamba kibarua akiugua au kuzeeka atarudi kwao. Bibi yangu wa Kasulu, aliyelima mihogo na maharage, akamlea mwanawe mpaka akawa na nguvu za kushika panga, akampokea tena baadaye mgongo ukiwa umepinda, alikuwa akiyachangia mashamba ya Tanga maisha yake yote bila kulipwa senti. Mikoa ile ya mbali haikupewa zao la kuuza lenye maana, lakini kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha. Ukidaiwa fedha na huna pa kuipata, unajua utapanda treni gani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Kigoma ilisahauliwa na uchumi wa dunia. Kigoma ilikuwamo ndani yake kabisa, ikitoa watu.

Upande wa pili wa bei nao ulikuwa mbali vilevile. Singa zilipangwa madaraja Tanga, zikafungwa marobota, lakini soko lilikuwa London, kwa madalali kama Wigglesworth, ambako daraja la 3L na la UG lilitajiwa bei yake. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto na Japani ikachukua Java na Ufilipino mwaka 1942, Tanganyika ikawa tegemeo la kamba la washirika wote. Serikali ya Uingereza ikanunua mazao yote kwa bei iliyopanga mnunuzi mwenyewe, na mpango huo ukaendelea hadi 1948. Vibarua wengine wakapelekwa mashambani kwa amri.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi kilitokea kabla ya vita. Miaka ya 1930, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa na bei ya singa ikiwa imeanguka, kampuni moja ilijenga mkoani Tanga kiwanda cha kusokota kamba, ili singa zitoke zikiwa bidhaa kamili. Wenyewe hawakuwa Waafrika, walikuwa wenye mitaji wa koloni. Nalisema hilo lisije likafichwa. Hata hivyo kamba yao ilipofika Uingereza, watengenezaji wa kamba wa kule wakaenda kulia kwa Waziri wa Makoloni. Walidai vibarua wa Tanganyika ni wa bei rahisi mno, ushindani si wa haki. Vibarua walewale, mshahara uleule, haukuwasumbua ulipokuwa unazalisha singa ghafi za kulisha viwanda vyao! Kiwanda kikabanwa kwa masharti ya bei na ya kiasi cha kuuza, na kabla ya vita kuanza kikawa kimefungwa. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1972, alikuwa akikusanya visa vya aina hii. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wa zamani wanaonitembelea: mkisikia kwamba Afrika ilibaki kuuza mali ghafi kwa kukosa ujuzi, ulizeni habari za kiwanda cha kamba cha Tanga.

Vita ya Korea ilipoanza bei ikapaa. Wenye mashamba wakajenga majumba ya ufukweni Raskazone, mji wa Tanga ukang'aa, na mwisho wa miaka ya 1950 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wameajiriwa kwenye mkonge. Hapakuwa na mwajiri mkubwa kuliko huyo nchini. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na muda si mrefu chama cha wafanyakazi wa mashamba kikaingia makambini. Mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 ulidumu zaidi ya miezi miwili. Baba hakuwa Mazinde, lakini alikuwa akieleza jinsi habari zake zilivyosafiri na madereva wa matoroli na akina mama waanikaji, na jinsi wazee waliokuwa wakimwinamia nyapara walivyoanza kumjibu wakiwa wamesimama wima. Mishahara ikapanda. Ilipanda kwa sababu watu walikataa kukata, na jani kama nilivyosema halingoji.

Uhuru ukaja, mkonge ukiwa zao la kwanza kwa fedha za kigeni. Sasa naomba msomaji akae nami kwenye miaka miwili, kwa sababu hapo ndipo ninapoona fundo.

Januari 1963, Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mkonge, alihamishwa kwa amri ya serikali yetu wenyewe akapelekwa Sumbawanga, mbali na mashamba. Kosa lilikuwa kuchochea migomo. Mwaka uliotangulia sheria ilikuwa imeshapitishwa ya kuifunga migomo kwa taratibu ndefu. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ikavunjwa na badala yake kikaundwa kwa sheria chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, katibu wake mkuu akiteuliwa na Rais. Mwaka huohuo wa 1964 mashamba yakatoa zaidi ya tani 230,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena mpaka leo. Na mwaka huohuo, kule Geneva, Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wake wa kwanza wa biashara na maendeleo, UNCTAD, chini ya Raúl Prebisch wa Argentina, mtu aliyekuwa ameonyesha tangu 1949 kwamba nchi zinazouza mazao ghafi hulipa zaidi na zaidi kwa bidhaa zilezile za viwandani. Nchi maskini 77, yetu ikiwamo, zikatoka Geneva zikiwa kundi moja.

Yaani mwaka uleule tulioungana na wanyonge wa dunia ili tudai bei, tuliwavunjia umoja wao wanyonge wa Korogwe waliokuwa wakidai bei ya kata. Sisemi Mwalimu Nyerere alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu ya nchi changa, alikuwa na hoja kwamba wenye mshahara ni wachache na wakulima ni wengi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama yake ililipwa, na mpaka leo sijaona ikiandikwa kwenye hesabu.

Maana bei ilianguka papo hapo. Viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutoa kamba za plastiki, polipropilini, zitokanazo na mafuta ya petroli. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza mwaka huo wa 1964, ulitegemea fedha za mkonge. Kufikia 1967 bei ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, na Oktoba serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Wazungu na Wagiriki wakaondoka, mameneja wakawa ndugu zetu. Mashine zikawa kuukuu, vipuri vikawa shida. Kipande kikatoweka, jambo la kheri, ila mkataji hakupata kiti kwenye bodi iliyoamua lini shamba lipandwe upya na lini lisipandwe. Mashamba mengi hayakupandwa upya. Mkonge huishi miaka kumi na kidogo, huchanua kwa mlingoti mrefu, kisha hufa. Usipopanda leo, pengo utaliona baada ya miaka minne, na likishafika halizibiki kwa hotuba.

Mwalimu hakunyamaza. Kote alikokwenda alitoa mfano wa trekta: tani za mkonge zinazohitajika kununua trekta lilelile zinaongezeka mwaka hadi mwaka, wakati mkulima hajapunguza jasho. Mwaka 1967 nchi za mkonge zilikutana Roma, chini ya shirika la chakula na kilimo, FAO, zikapatana kwa hiari kugawana viwango vya kuuza nje ili bei isianguke zaidi. Yalikuwa makubaliano dhaifu, lakini yalionyesha kwamba Brazil, Kenya, Mexico na Tanzania zinaweza kukaa meza moja. Tarehe 1 Mei 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatangaza Utaratibu Mpya wa Uchumi wa Dunia. Mei 1976 UNCTAD ikakutana Nairobi, kwenye jengo la mikutano la KICC, ikapitisha mpango wa kuunda mfuko wa pamoja wa kununua na kuhifadhi mazao 18, nyuzi ngumu kama mkonge zikiwamo, ili bei isichezeshwe. Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77 wakaja Arusha, majeshi yetu yakiwa vitani Uganda, na Nyerere akawaambia kwamba wao ni kama wafanyakazi mbele ya mwajiri: mmoja mmoja hawana nguvu, lazima waunde chama.

Nilikuwa mwalimu kijana. Nilisikiliza kwa redio, nikaamini kila neno, na hata sasa naamini. Ila baba, aliyekuwa amekaa kibarazani, aliuliza, "Mwanangu, na kile chetu walichokivunja?" Nilimjibu kwamba haya ni mambo ya dunia. Akasema, "Kwani sisi tulikuwa tunakata mkonge wapi?"

Wakati huo anguko lenyewe lilikuwa limeshaanza. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na 1974, plastiki ikawa ghali na mkonge ukapanda kwa kishindo, lakini sisi tulikuwa na majani machache ya kuuza, na fedha iliyopatikana ikaenda kununua mafuta yaleyale. Miaka ya 1980 madeni yakaja, na pamoja nayo masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mfuko wa Nairobi ulipunguzwa na nchi tajiri mpaka ulipoanza kazi mwaka 1989 haukuwa na fedha ya kununua hata robota la kuzuia bei. Ukabaki kugharimia miradi midogo kutoka ofisi yake ya Amsterdam. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa ikitoa karibu tani 20,000, kiasi kilekile cha Wajerumani mwaka 1913. Mashamba yakabinafsishwa. Brazil ilikuwa imeshashika uongozi.

Mmoja wa miradi midogo ya mfuko ule uko Hale, njiani kati ya Muheza na Korogwe. Kwa fedha zake na za shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, ulijengwa mtambo unaochukua nyama ya jani, ile asilimia 96 iliyokuwa ikimwagwa mtoni tangu zama za Hindorf, na kuigeuza gesi ya kuzalishia umeme. Wengine huusimulia kama kioja. Mimi nauona kuwa salio halisi la mkutano wa KICC. Tulikwenda Nairobi kudai dunia ibadili bei, tukarudi na mtambo wa kuchachusha takataka, na mtambo wenyewe ulithibitisha kwamba muda wote tulikuwa tunauza sehemu ndogo kabisa ya mali yetu na kuitupa iliyobaki.

Sasa kuna wakulima wadogo wa mkonge Korogwe, jambo ambalo utotoni ningeambiwa ni ndoto. Wamegawiwa viunga kwenye mashamba ya zamani, wamejiunga katika vyama vya ushirika vya mazao, AMCOS, majani ni yao. Korona bado si ya wengi wao. Nilikaa na akina mama wawili wa chama kimoja wakanionyesha karatasi yao ya malipo: makato ya kukata, ya kusafirisha, ya korona, ya kukausha, kisha kilichobaki. "Mwalimu, shikamoo," mmoja alinisalimu, kisha akaniuliza kwa nini makato yanajulikana mapema na bei haijulikani. Ni swali la Prebisch, na aliliuliza vizuri kumshinda. Singa zao zinapitia bandari ya Tanga, nyingi zikiwa ghafi, kwenda China na hata Saudia, ambako huchanganywa na jasi ya kupambia dari.

Upande wa Brazil, jimbo la Bahia, wakulima wadogo walitoa singa kwa mashine ndogo zilizowakata wengi wao viganja. Wenzao wa mji wa Valente waliunda chama mwaka 1980, APAEB, wakaanza kwa kuuza singa bila dalali, na katika miaka ya 1990 wakajenga kiwanda chao cha mazulia. Hawakusubiri bei ya dunia ibadilike, wala hawakuacha kuidai. Nisingependa AMCOS zetu zisome habari zao kwenye vitabu tu. Ningependa watume watu Valente, na Valente watume watu Korogwe, na wachukuliwe pia wakataji wa Voi na Mogotio, Kenya, kisha ndipo mawaziri waitwe. Wakataji walioajiriwa, ambao mpaka leo hawana shamba wala hisa na bado wanalipwa kwa tita, wakae kwenye meza hiyo tangu siku ya kwanza, na chama chao kiwe kile watakachokichagua wenyewe.